Muuza Tofu, Onyesho la Kumi na Tisa

Mwongozaji Nonomura alinitazama,
akavua miwani, akaifuta, akanitazama tena.
"Samahani," akasema, "huna sura ya ujambazi."
Miaka ishirini na saba nimelitumikia genge,
nimevunja milango ya Amagasaki
hata maseremala wakawa wananiamkia kwa heshima,
leo naambiwa sura yangu ni ya kuuzia tofu.

Basi nikawa muuza tofu.

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha:
jambazi kaacha ujambazi, ujambazi haujamwacha.
Anaajiriwa shule ya chekechea, watoto wanamwita Babu Ngumi.
Anajiunga na darasa la kupanga maua,
maua yananyauka kwa woga kabla hajayagusa.
Nyota ni kijana Hayase, laini kama mto wa sufi,
aliyepigwa mara moja tu maishani, na mlango wa friji.

Mafundi wa vipodozi walimkalisha saa tano
wakimchora joka mgongoni, gamba kwa gamba.
Mimi nikavua shati kwa ajili ya joto.
Binti mwenye brashi akaguna:
"Lako limepauka, mjomba. Watu hawataliamini."
Akalifunika kwa aproni.
Kisha vidole. Cha mwisho cha Hayase
wakakikunja, wakakitia gundi, kionekane hakipo.
Changu, ambacho kweli hakipo,
wakanibandikia cha mpira, kionekane kipo.
Tukakaa benchi moja tukila wali wa boksi,
yeye akijifunza kushika vijiti bila kidole,
mimi nikijifunza kuvishika nacho.

Akaniuliza, sauti chini, "Mzee Kuramochi,
siku uliyoaga ilikuwaje? Nipe kitu nikiigize."
Maana kwenye muswada bosi anapasua meza kwa upanga,
mvua inanyesha, wanaume arobaini wanalia.

Nikamwambia.
Bosi alikuwa na ndara mguu mmoja,
anaitafuta ya pili chini ya kabati.
Nikapiga magoti, paji la uso sakafuni,
nikasema yote niliyoyakariri usiku kucha.
Akajibu kutoka huko huko kabatini:
"Funguo za gari weka juu ya friji."
Nikangoja laana. Nikangoja kisu.
"Na Jumatano," akasema, "ni zamu ya taka za chupa. Atazitoa nani?"

Nikarudi Jumatano, nikazitoa.
Na Jumatano iliyofuata.

Hayase hakucheka. Aliandika kitu kiganjani.

Siku ya malipo wakataka namba ya akaunti.
Sina. Huku kwetu ukitoka gengeni
benki hukutazama miaka mitano kwa jicho la mama mkwe.
Simu hupati, chumba cha kupanga hupati.
Umetoka, naam, lakini pa kuingilia bado pana kufuli.
Mhasibu Toyofuku, mtu wa rula na kifutio,
akashauriana na mkewe,
akaniita nyuma ya maegesho saa tatu usiku.
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Akachomoa bahasha kwenye soksi,
mikono ikimtetemeka: "Usihesabie hapa!"
Maskini. Ikabidi nimfundishe kusimama,
mgongo ukutani, uso mbali na taa.
Kazi yangu ya kwanza ya halali
na ndiyo iliyofanana na uhalifu kuliko zote.

Lakini pamoja na noti mlikuwa na risiti.
Kuramochi Tetsuji. Siku moja. Muuza tofu.
Karatasi zenye jina langu si haba, ziko kituo cha polisi.
Hii iko kwangu, kwenye friji, imeshikwa na sumaku ya umbo la kaa.

Filamu ilipotoka nilikaa safu ya nyuma.
Naonekana sekunde nne:
namkatia mteja tofu, namrudishia chenji.
Mama wa safu ya mbele akamnong'oneza mumewe,
"Huyu muuza tofu hajui kuigiza. Mwone anavyoogopa."

Kweli niliogopa.
Niliogopa chenji isije ikapungua.